Alimpiga, Alinipiga

Aliyeinua mchi si mimi. Nilisema hivyo hospitalini, nikasema hivyo kwenye mswala, na ni kweli tupu. Lakini mwanamume yule asingeuinua siku ile kama mimi nisingebadilisha herufi moja, nikiwa nimekaa zangu kwenye kiti cha kuzunguka na chai pembeni.

Nilikuwa mchapaji wa kituo cha uandishi. Chuo chetu hapa Lushoto kiliamua kuwa na mahali pa kufundisha watu kutunga hadithi, wakakipa kituo chumba kilichokuwa stoo ya madawati mabovu, nyuma ya jiko la wanafunzi. Katikati ya wiki walikuja wanachuo. Jumamosi mlango ulikuwa wazi kwa watu wa nje: wakulima wa mboga, mafundi cherehani, mama wauza mapeasi, yeyote mwenye daftari na la kusema. Wao waliandika kwa mkono, mimi nikachapa kwenye kompyuta, halafu hadithi ikabandikwa kwenye ubao nje ya jiko, jina la mwenyewe chini yake, anayepita asome. Utaratibu huo aliuleta mwalimu wetu, kijana wa Dar es Salaam, mpole, aliyevaa makoti mawili mwaka mzima. Alisema hadithi isiyosomwa na jirani haijaandikwa.

"Andikeni mnachokijua," aliwaambia Jumamosi ya kwanza. Nadhani alitegemea ukungu na maporomoko na ndege wa msituni. Maskini ya Mungu! Walichokijua ni kipigo. Mzee mmoja, mtu wa Njombe aliyechuma chai Kwamkoro nusu ya maisha yake kabla ya kuoa huku kwetu, aliandika juu ya nyapara aliyewachapa wachumaji mpaka siku mmoja wao alipomgeukia na kisu cha kupogolea. Dada wa Lukozi aliandika jinsi mwizi wa pikipiki alivyouawa siku ya gulio, matofali kwanza, tairi baadaye, na bibi mzima mwenye mjukuu mgongoni akiomba apishwe naye atupe jiwe lake. Mimi nilichapa hiyo huku natafuna andazi. Ndivyo tulivyokuwa. Nimekua kwa fimbo ya mpera, na baba alikuwa akinituma nikaikate mwenyewe. Nikileta nyembamba ananirudisha. Shuleni tulichapwa kwa kuchelewa, na tulichelewa kwa sababu nyumbani tulikuwa bado tunachapwa.

Mwalimu alikuwa na sheria nyingine, na hii ndiyo iliyotuponza. Kila mtu aandike kwa "mimi". Asiandike "yeye". "Ukisema yeye unajificha," alisema, na wanachuo wakaandika maneno hayo kwenye madaftari yao.

Sasa, mtu wa Dar hawezi kulijua jambo hili, lakini mimi niliyezaliwa milimani humu sina kisingizio. Kwetu mwanamke akipigwa hasemi amepigwa. Bombani, gulioni, msibani tukiwa tunamenya viazi, anasema: "Kuna mama mmoja, mgoshi wake kamfanya hivi na hivi." Mgoshi ndiye mume, kwa Kishambaa. Wote tunajua huyo mama mmoja ni nani, maana jicho limevimba hapo hapo mbele yetu. Hatumtaji. Tunampa pole mama mmoja, na mume wa mama mmoja tunamtukana matusi ya nguoni, hata kama mwenyewe amekaa pale anakunywa kahawa. Naye afanyeje? Akikasirika amejitaja. Basi anacheka pamoja na sisi, na kwa wiki mbili tatu mkono wake unatulia. Hiyo ndiyo ilikuwa mahakama yetu, na haikuwa mbaya kuliko mahakama nyingine nilizoziona.

Na mimi nilikuwa na mama mmoja wangu. Nina kovu hapa kidevuni, refu kama kiungo cha kidole. Nilikuwa na mume, dereva wa lori la mboga, nikakaa naye miaka sita, nikamwacha, mtoto sina. Nikiulizwa kovu nasema niliteleza mtaroni wakati wa mvua. Rafiki zangu wa karibu niliwaambia habari za mama mmoja. Yako mengine ambayo hata huyo mama mmoja hakuyasema.

Mama wa Malindi, Malindi ya huku milimani si ile ya pwani, alianza kuja kituoni msimu wa karoti. Alinizidi miaka kama kumi na mitano, mwembamba, sweta la kijani limeshonwa viwiko, mikono imepasuka kwa udongo. Aliandika kwa penseli kwenye kaunta buku, akafuta, akaandika, akafuta, mpaka karatasi ikatoboka. Mumewe ndiye aliyeleta kabichi jikoni kwetu kila Alhamisi kwa pikipiki, magunia mawili yamefungwa kwa mpira. Alijua mkewe anakuja, na alijivuna. "Mke wangu ni mwandishi wa chuo," aliwaambia wapishi, nao wakacheka naye.

Jumamosi moja mama alinikabidhi ile kaunta buku.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Ni hii hapa, ya kurasa tatu. Uchape hivi hivi nilivyoandika."

"Nitakosea wapi, mama?"

"Nakuomba tu. Hivi hivi."

Hadithi ilianza namna hii: "Alimpiga kwa mchi, kwa sababu ya chumvi. Akaanguka penye mafiga. Akanyanyuka, akaonja tena mchuzi, na kweli chumvi ilikuwa nyingi." Nilisoma hapo nikaweka kikombe chini. Kulikuwa na wanachuo wenye digrii wasioweza kuandika mistari mitatu kama ile.

Nilichapa Jumatano. Mvua ilikuwa inanyesha toka asubuhi, na mimi nilikuwa na hasira zangu. Siku mbili kabla mwalimu alinisema mbele ya wanachuo kwa sababu nilibandika hadithi yenye "yeye". Eti mchapaji wa kituo naye aisimamie sheria ya kituo! Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Basi nilipofika kwa mama wa Malindi nikasema huyu naye hajaelewa somo, ngoja nimsaidie. "Alimpiga" nikaifanya "alinipiga". "Akaanguka" nikaifanya "nikaanguka". "Mume wake", "mume wangu". Kazi ya dakika kumi. Unatoa m unaweka ni, basi, lugha yetu nyepesi jamani.

Na wallahi hadithi ilikuwa nzuri zaidi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ilisimama, ikakukamata shingo. Niliibandika mwenyewe kwenye ubao nikajiona na mimi mwalimu.

Alhamisi mumewe akaja na kabichi. Nilikuwa dirishani. Nilimwona amesimama mbele ya ubao na kofia yake ya pikipiki kwapani, anasoma, midomo inachezacheza. Nyuma yake wapishi waliokuwa wanamenya viazi walinyamaza mmoja mmoja. Walikuwa wamekwisha isoma. Alisoma mpaka mwisho, akarudia mwanzo. Kisha akachomoa pini nne, polepole, karatasi akaikunja vizuri akaiweka mfukoni, na zile pini akazirudisha ubaoni moja moja. Mimi mjinga nikafikiri anampelekea mkewe amwonyeshe. Na kweli alikwenda kumwonyesha.

Niliyasikia yaliyofuata kutoka kwa mama mwenyewe, kwa hiyo nayasema kama alivyoyasema. Alimkuta anatwanga. Akampa karatasi akamwambia, soma kwa sauti. Mama hakuwa ameiona ikiwa imechapwa. Akaanza kusoma, na neno la kwanza tu likamshinda, maana halikuwa lake. Mumewe akachukua mchi kinuni. "Soma." Kila alipofika penye "alinipiga", alimpiga. Alipoacha kusoma alipigwa kwa kuacha. Alipiga bega, alipiga mbavu, na mama alipoinua mkono wa kulia kukinga uso, mkono ukavunjika mahali pawili. Akaukamata ule mkono uliovunjika, akaulaza kwenye ukingo wa kinu, akavitwanga vidole viwili. "Umeandika mchi, na uushike mchi." Majirani walimtoa pale amezirai, karatasi imelowa damu na unga.

Nilipata habari Jumamosi, kwa yule mzee wa chai. Sikumaliza kumsikiliza. Nilitembea mpaka hospitali na ndala zangu za ofisini, nikamkuta wodini, bega limefungwa, mkono wote plasta, uso umevimba hata sikumtambua kwa mara ya kwanza.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Kwetu mtu mzima asipokuitikia shikamoo, ni afadhali akutemee mate.

"Mimi niliandika m," akasema. "Nani kaweka ni?"

"Ni mimi, mama."

"Nilikuomba nini?"

"Ni sheria ya kituo, mama. Mwalimu alisema..."

"Miaka ishirini nimekaa nyuma ya ile m. Wewe umenitoa nje uchi." Kisha akageuza uso ukutani, na mimi nikasimama pale nalia kama mpumbavu mpaka nesi akaniambia nipishe.

Mumewe hakukimbia. Akimbie nini, na watu wa kijijini walikuwa wamekwisha sema ni mambo ya ndani? Jumamosi iliyofuata tulikuwa kituoni, watu kama kumi, mwalimu anasoma kazi ya mtu, mlango ukasukumwa. Alikuwa na panga. Hakulificha wala hakulinyanyua, alilishika tu kama mtu anayetoka shambani.

"Nataka daftari la mke wangu," akasema. "Kuna mengine humo."

Kaunta buku ilikuwa kwenye droo yangu. Mwalimu alikuwa amekwisha ingia chini ya meza, simlaumu, kwao hawakufundishwa.

"Thubutu!" nikamwambia.

"Dada, nipe daftari."

"Nikupe ukafanye nini? Bado ana mkono wa kushoto, au siyo? Toka hapa, mwanaume suruali!"

Akaja. Panga lilishuka juu ya meza yangu likapasua kibodi, vitufe vikaruka. Nikachukua birika la chai, lile kubwa la alumini lililotoka jikoni muda ule ule, nikammwagia kuanzia kifuani kushuka. Alipiga yowe la mnyama. Akarusha panga bila kuona, na mzee wa chai aliyekuwa anajaribu kumshika akakatwa mkono, nyama ikafunguka mpaka nikaona weupe wa mfupa. Lakini mzee hakumwachia. Alimkumbatia kwa nyuma, damu inamwagika juu ya wote wawili, wakaanguka, na wapishi wakaingia na miiko ya ugali.

Sitadanganya juu ya kilichofuata. Wakati wa kumfunga kamba ulikuwepo, hatukumfunga. Tulimpiga. Watu wale wa kuandika hadithi, dada wa Lukozi aliyemlilia mwizi wa pikipiki kwa kurasa tano, wote. Mimi niling'oa mguu wa dawati bovu nikampiga mgongoni, nikampiga magoti, nikampiga mikono, hasa mikono. Nilisikia raha. Sijawahi kusikia raha ile, na namwomba Mungu nisiisikie tena. Sikuwa nampiga yeye peke yake; nilikuwa nampiga na dereva wa lori mle mle. Mwalimu ndiye aliyetoka chini ya meza akanishika kiuno, analia, ananiambia basi, dada, basi, atakufa. Polisi walipofika walimkuta hai, na nadhani ni kwa ajili ya yule kijana.

Kesi ya panga na mkono wa mzee ilikuwa wazi. Ya mchi haikuwa wazi. Hospitalini mama alikuwa amewaambia aliteleza, na mzee wa watu, kwa moyo wake, alikuwa anasema yake amesamehe. Bila mama kusema, mumewe angerudi Malindi mwezi ule ule, kwenye nyumba ile ile, kwenye kinu kile kile. Mimi ndiye niliyekwenda kumbembeleza mpaka akakubali kuja polisi. Alikuja siku aliyoruhusiwa, plasta imening'inia shingoni kwa khanga.

Dawati la jinsia lilikuwa chumba kidogo, askari wa kike, rika langu, mwenye sauti ya upole. Alimwamkia mama, akachukua kalamu.

"Haya mama, tueleze."

"Kuna mama mmoja," mama akaanza.

"Hapana mama," askari akasema. "Hapa tunaandika mimi. Nilifanyiwa hivi, nilifanyiwa vile. Bila hivyo hakuna maelezo."

Sheria ya mwalimu ile ile, jamani, imevaa magwanda. Mama alimtazama askari. Kisha akanigeukia.

"Aanze huyu."

"Mimi?" nikasema.

"Wewe unayependa ni. Kidevu hicho, mwanangu, kilifanya nini?"

Askari akanitazama. Na mimi, mbele ya mwanamke aliyevunjwa kwa mkono wangu, mimi niliyemmwagia mtu chai ya moto nikamvunja magoti, nikafungua mdomo nikasema: "Niliteleza mtaroni."

"Mkuki kwa nguruwe," mama akasema, hata hakumalizia. Akanyanyuka. "Basi na mimi niliteleza."

Akatoka nje. Askari aliweka kalamu chini, akaniangalia kwa macho ambayo sitayasahau, kwa sababu hayakuwa na hasira.

Nilimkuta mama amekaa kwenye benchi uani, anangojea gari la kurudi Malindi. Kaunta buku yake ilikuwa kwenye mkoba wangu. Nilikuwa nimeichukua ili nimrudishie. Nikakaa ncha ya pili ya benchi, nikafungua kurasa za nyuma zisizoandikwa, nikaandika kwa penseli. Sikufikiri. Niliandika dereva wa lori, mwezi gani, nyumba ya kupanga karibu na stendi. Niliandika spana ya kufungulia tairi na kidevu. Niliandika siku aliyonifungia nje kwenye baridi bila nguo mpaka mwenye nyumba alipoamka kwenda kuswali alfajiri. Maandishi yalikwenda upande, na gari la Malindi likaja likapiga honi likaondoka, mama hakunyanyuka. Nilipomaliza kurasa mbili nikamwekea mapajani.

Alisoma kwa kidole cha mkono wa kushoto, neno kwa neno, kama mtu anayechambua mchele. Penye "alinipiga" kidole kilisimama kidogo, kikaendelea. Ukurasa wa kwanza ukaisha. Wa pili, karibu na mwisho, kidole kikasimama, na hakikuendelea.

"Hapa," akasema.

Nikainama. Nilikuwa nimeandika: "Akampiga tumboni."

Mstari mzima ulikuwa hivyo. Akampiga tumboni, akatokwa na damu siku tatu, akamzika nyuma ya nyumba mwenyewe, alikuwa wa kiume. Sikujua kama nimeandika hivyo. Kote nilikuwa nimesema mimi, na pale nikamwita mama mmoja aje anibebee.

"Sikuona," nikasema.

"Najua." Alitoa penseli yake yenye raba kwenye nywele, chini ya mtandio, akanipa kwa mkono wa kushoto. Kwa mtu wa adabu zake, kumpa mtu kitu kwa kushoto ni mwiko. Aliniomba radhi kwanza. "Sikulazimishi, mwanangu. Ukitaka kubaki hapo nyuma, baki. Mimi najua pana joto."

Nikaichukua. Nilifuta m, polepole, karatasi ikakaribia kutoboka. Nikaandika ni. Halafu nikaendelea na mstari, nikatokwa na damu siku tatu, nikamzika, na nilipofika penye wa kiume sikuwa naona tena, nikainama pale kwenye benchi la polisi nikapiga kelele, watu wote wa uani wakageuka. Mama aliniwekea mkono wake mzima mgongoni. Hakuniambia ninyamaze.

Nilipotulia alichukua kaunta buku akaifunga, akajitengeneza khanga begani, akarudi ndani. Mlango hakuufunga.

"Andika," nilimsikia akimwambia askari. "Alinipiga kwa mchi, kwa sababu ya chumvi."